Mwanafunzi wa Ughaibuni: Msafiri au Mkazi?

Mwanafunzi Mwislamu anayekwenda kusoma nchi ya mbali hukutana na mtihani wa fiqhi kabla ya mtihani wa darasani. Sala za rakaa nne, yaani Adhuhuri, Alasiri na Isha, atazitimiza, au atazipunguza ziwe mbili kama afanyavyo msafiri? Chini ya swali hilo la rakaa kuna jingine kubwa zaidi: mtu aliyeondoka kwao kwa miaka minne au sita, akiwa ameazimia kurudi, ni mtu wa wapi kwa muda wote huo? Katika wilaya za Temeke na Kinondoni, ambako karibu kila mtaa una madrasa yake na vijana huondoka kwenda vyuo vya Uturuki, India, China, Misri, Saudi Arabia na Urusi, swali hili halina ugeni. Mara nyingi muulizaji yuko Ankara, muulizwaji ni ustadhi wa Tandika au Magomeni aliyemsomesha tangu alifu, na fatwa hupita kwenye simu.

Msingi wa jibu wote wawili wanao kichwani. Safinatun-Najaa, kitabu kidogo cha fiqhi ya Kishafii ambacho watoto wa pwani ya Afrika Mashariki huhifadhi madrasani, kina faslu fupi ya masharti saba ya kupunguza sala. Mtunzi wake, Sheikh Salim bin Sumair, alikuwa Mhadhrami aliyehamia Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, akafia huko katikati ya karne ya 19. Sharti la kwanza analolitaja ni safari ya marhala mbili, ambazo kwa vipimo vya sasa huhesabiwa kuwa kilomita 80 na ushei. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Kibaha haifiki kipimo hicho. Morogoro imekipita mbali. Ankara haihitaji kupimwa.

Utata huanzia mahali ambapo wengi hawapatarajii, nao ni uwanja wa ndege. Wanazuoni wa Kishafii wanasema safari haianzi kwa kufunga begi wala kwa kuaga jamaa. Inaanza mtu anapoyaacha nyuma majengo ya mji wake. Zamani mpaka huo ulionekana kwa macho: nyumba ya mwisho, kisha mashamba. Dar es Salaam ya leo imeungana nyumba kwa nyumba kutoka Bunju hadi Kongowe, na Uwanja wa Julius Nyerere uko Kipawa, katikati ya makazi ya watu. Kijana aliyetoka Mbagala na kijana aliyetoka Tegeta, wakikutana kwenye foleni ya kukagua mizigo, wote wawili bado wako mjini kwao. Wakisali Adhuhuri pale, ni rakaa nne. Machozi ya mama hayabadilishi hukumu, na pasipoti iliyokwisha gongwa muhuri vilevile haiibadilishi.

Baada ya ndege kupaa, ruhusa inakuwepo bila shaka. Swali la kweli ni inakoma lini. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, safari yake imekatika pale anapofika. Wamalik na Wahanbali hawako mbali na hesabu hiyo. Wahanafi, ambao mwanafunzi wa Uturuki au wa India atasali nao bega kwa bega, wanaweka siku 15. Hoja ya siku nne imejengwa juu ya hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim: Mtume aliwaruhusu Muhajirina, waliokuwa wameihama Makka, kukaa humo siku tatu baada ya kumaliza ibada ya hija. Ikaeleweka kwamba siku tatu bado ni ugeni, na inayozidi hapo ni ukazi. Waswahili nao waliwahi kupiga hesabu ya namna hiyo waliposema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe.

Kwa hiyo tofauti ya madhehebu manne, inayoonekana kubwa kwenye vitabu, inamgusa mwanafunzi pale tu anapokwenda mji mwingine kwa mkutano wa wiki moja au mafunzo ya siku kumi. Kuhusu masomo yenyewe hakuna tofauti. Mwenye viza ya mwaka, kitanda bwenini na ratiba ya muhula amenuia kukaa zaidi ya siku nne na zaidi ya siku 15. Kwa madhehebu yote manne yeye ni mkazi: atatimiza rakaa nne, atafunga Ramadhani kwa wakati wake, na Ijumaa ikiadhiniwa anawajibika kwenda.

Rai inayopingana na hiyo si ya watu wadogo. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, alisema Qurani na Sunna hazikuweka idadi ya siku. Msafiri ni yule ambaye desturi inamwita msafiri. Katika zama zetu Sheikh Muhammad bin Uthaymin wa Unayza, aliyefariki 2001, aliifuata njia hiyo na kuifikisha kwa wanafunzi waziwazi: anayekaa nchi ya watu kwa ajili ya shahada, na ambaye angeondoka kesho kama shahada ingepatikana leo, ni msafiri hata akikaa miaka. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyefariki 1999 na ambaye aliwahi kukiongoza Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilichoanzishwa 1961, alibaki na kauli ya wengi: zaidi ya siku nne, timiza. Vijana wa Dar es Salaam wanaosoma Madina huzisikia rai zote mbili, na wengine hurudi nazo zote mbili.

Wanaoikubali rai ya Ibn Taymiyya hutaja kwamba Mtume alikaa Tabuk siku 20 akipunguza sala, na kwamba Abdallah bin Umar alizuiwa na theluji Azerbaijan miezi sita, akipunguza muda wote. Ushahidi huu una uzito, lakini haumfikii mwanafunzi. Ibn Umar hakupanga kukaa miezi sita. Kila asubuhi alikuwa mtu wa kuondoka, theluji ikamzuia. Wanazuoni wa Kishafii wanamtambua mtu wa aina hiyo, anayesubiri jambo linaloweza kukamilika siku yoyote, na wanampa ruhusa ya kupunguza hadi siku 18. Mwenye barua ya chuo inayotaja tarehe ya mahafali hasubiri theluji iyeyuke.

Mfano wa karibu wa hali ya Ibn Umar ulitokea Aprili 2023. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 ya mwezi huo, katika kumi la mwisho la Ramadhani, Watanzania waliokuwa wakisoma Sudan, wengi wao katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, walikuwa wakazi wa mji ule kwa hukumu zote: wakitimiza sala na kufunga kama wenyeji. Baadaye walitolewa kwa barabara hadi Ethiopia na kurejeshwa Dar es Salaam kwa ndege. Tangu walipoyapita majengo ya Khartoum wakawa wasafiri, na katika kusubiri ndege bila kujua ingeondoka leo au kesho, walikuwa hasa wale waliokusudiwa na ruhusa ya siku 18. Kilichowabadilisha ndani ya saa chache ni nia na mwendo. Idadi ya miaka waliyokaa Sudan haikuwa na neno hapo.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote katika mlango huu si ya kupunguza sala. Ni ya Ijumaa. Madhehebu ya Shafii hayakuwagawa watu mafungu mawili, msafiri na mkazi, yakaishia hapo. Kuna la tatu. Msafiri hawajibiki na Ijumaa. Mwenyeji, anayeitwa mustautini, anawajibika nayo, na ni lazima wapatikane wanaume 40 wa daraja lake ndipo Ijumaa isihi. Katikati yao yuko mkazi asiye mwenyeji: Ijumaa ni faradhi juu yake kama kwa mwenyeji, lakini hahesabiwi katika wale 40. Wakiwa wenyeji 39 naye akawa wa 40, Ijumaa haijatimia.

Mfano ambao vitabu vya Kishafii hutoa kwa daraja hili la kati ni mfanyabiashara na mwanafunzi: mtu aliyetoka mji wake kutafuta elimu, akakaa muda mrefu, na moyoni ana nia ya kurudi. Waliouandika mfano huo walikuwa wakiwajua watu wa namna hiyo vizuri. Imamu Nawawi, ambaye kauli zake ndizo zinazofuatwa zaidi pwani yote ya Uswahilini, alizaliwa kijiji cha Nawa, akapelekwa Damascus mwaka 1251 akiwa na umri wa miaka 18 hivi, akaishi katika chumba kidogo cha madrasa ya Rawahiyya. Alibaki mjini humo akisoma na kusomesha karibu maisha yake yote, kisha akarudi Nawa na kufia huko mwaka 1277.

Daraja hilo la tatu linaeleza hali ya mwanafunzi wa ughaibuni vizuri kuliko maandishi mengi ya leo kuhusu upweke wa ugenini. Linamwambia kwamba ana wajibu kamili mahali alipo, lakini jamaa ya pale haisimami juu yake. Hawezi kusema, mimi mpitaji tu, ya hapa hayanihusu. Akisikia adhana ya Ijumaa mjini Izmir, inamhusu. Wala hawezi kudai kwamba bila yeye mji haujatimia. Jambo hili ni gumu kwa kijana, kwa sababu nafsi hupenda moja kati ya mawili: kujiweka kando kabisa, au kujifanya mwenyeji ndani ya muhula mmoja. Na hapa ndipo udhaifu wa rai ya kumfanya msafiri kwa miaka sita unapoonekana. Inampunguzia rakaa, lakini inamfundisha kuishi kipande kizima cha ujana wake kama mtu aliye kwenye kituo cha basi. Hekima ya wengi waliosema atimize iko hapo.

Gharama ya ukazi huonekana zaidi katika funga. Msafiri anaruhusiwa kula na kulipa baadaye; mkazi hana ruhusa hiyo ila kwa ugonjwa na udhuru mwingine unaojulikana. Ramadhani ilipoangukia Juni, kama ilivyokuwa kati ya 2015 na 2017, mwanafunzi wa Moscow alikuwa na jua la zaidi ya saa 17, na funga ilianza kabla halijachomoza, wakati wenzake wa Temeke walifunga saa 13 hivi mwaka hadi mwaka. Wanazuoni wengi wamesema maadamu usiku na mchana vinatofautika, anafunga kwa alfajiri na magharibi ya pale alipo. Atakayeshindwa kweli atafungua na kulipa. Kwa maeneo ya kaskazini ambako jua halizami kabisa au alfajiri haitofautiki, wamejitahidi kwa njia mbalimbali, wengine kwa kufuata mji wa karibu wenye usiku unaojulikana, wengine kwa saa za Makka.

Kuna kisa kingine cha funga ambacho zamani kilionekana cha kufikirika tu. Nawawi, katika kitabu chake Minhaj, anamtaja mtu aliyeamka katika Idd, kisha jahazi likamfikisha mji wa mbali ambao watu wake bado wamefunga. Kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kwamba ajizuie kula siku iliyobaki, afuatane na watu wa mji aliofika. Leo jahazi ni ndege. Uturuki hupanga Idd kwa hesabu za falaki, na tarehe hujulikana mapema. Tanzania, tangazo la Mufti husubiri mwezi uonekane. Mwanafunzi aliyesali Idd Istanbul asubuhi na kutua Dar es Salaam mchana anaweza kukuta kwao Kinondoni wanasubiri magharibi wafuturu. Atajizuia pamoja nao. Akifika kutoka mahali palipochelewa kuanza, akawakuta kwao wanasherehekea ilhali yeye amefunga siku 28, atakula Idd nao na kulipa siku moja. (Kwamba Dar es Salaam yenyewe, mtaa mmoja, hupata Idd mbili katika miaka fulani, kwa kuwa wapo wanaofuata mwezi popote ulipoonekana duniani, ni shauri lingine, na mwanafunzi hana lawama nalo.)

Zakatul-fitri nayo hufuata mwili. Inatolewa pale mtu alipo jua linapozama siku ya mwisho ya Ramadhani, kwa maskini wa pale, pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kikuu cha nchi ile. Familia nyingi za Temeke humtolea mchele mtoto aliye nje pamoja na waliomo nyumbani, kwa mapenzi na kwa mazoea. Kwa fiqhi ya Kishafii, mtoto aliyebaleghe na mwenye uwezo hujitolea mwenyewe. Mzazi akitaka kumtolea, apate idhini yake, na ngano ya Ankara ina haki zaidi kuliko mchele wa Mbagala.

Katika zakati ya mali, sheria inamtazama mwanafunzi kwa jicho la huruma zaidi. Miongoni mwa mafungu manane yaliyotajwa katika sura ya Tawba, aya ya 60, limo la mwana wa njia, msafiri aliyeishiwa. Wahanafi wanampa aliyekwama njiani tu. Washafii wanamuongeza anayeanza safari kutoka mji wenyewe inakotolewa zakati. Kwa maneno ya mtaani: kijana wa Mbagala aliyepata ufadhili wa ada lakini hana nauli anaweza kupewa zakati ya tajiri wa Kariakoo kabla hajaondoka, na si lazima nauli yote itafutwe kwa michango ya ukoo na kuuza kiwanja. Misikiti ingekuwa inalitumia fungu hili zaidi, vikao vingi vya kuchangishana visingehitajika. Akishafika na kuwa mkazi hapewi tena kwa jina la mwana wa njia, lakini ufukara ukimfika atapewa kama fukara. Nawawi aliruhusu apewe hata mwenye uwezo wa kuchuma, ikiwa kuchuma kutamkatisha elimu ya dini; wanazuoni wa leo wapo wanaoingiza humo udaktari na uhandisi.

Swali la makao si la Waislamu peke yao. Kanisa Katoliki limelitungia kanuni zenye hesabu kali kuliko fiqhi. Kwa Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 102, mtu hupata makao ya muda mahali akinuia kukaa miezi mitatu au akikaa miezi hiyo kweli. Hupata makao ya kudumu akinuia kubaki daima au akitimiza miaka mitano. Kila aina ya makao humpa mtu paroko. Mwanafunzi wa parokia ya Mbagala anayesoma India ana maparoko wawili kwa wakati mmoja, na akitaka kufunga ndoa, parokia zote mbili ni zake. Sheria ya awali, ya 1917, ilidai miaka kumi kwa makao ya kudumu, na sehemu kubwa ya mwaka kwa ya muda. Kwa kipimo hicho Julius Nyerere, Mkatoliki aliyesoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, alikuwa na makao ya muda Scotland huku makao yake ya kudumu yakibaki Tanganyika.

Tofauti ya sheria hizi mbili inastahili kutazamwa. Katika fiqhi, miaka peke yake haimfanyi mtu mwenyeji. Mwanafunzi anayenuia kurudi anabaki katika daraja la kati hata akikaa miaka 20. Katika sheria ya Kanisa, miaka ina nguvu yake yenyewe: anayesomea udaktari Moscow miaka sita anapata makao ya kudumu mwaka wa tano ukitimia, apende asipende. Fiqhi inaamini nia. Kanisa linahesabu kalenda. Kila upande una haki yake. Nia ndiyo inayomjua mtu kwa ndani, lakini ughaibuni kuna Watanzania wasiohesabika ambao kila mwaka husema mwakani narudi, na nyumba wamenunua huko, na watoto wamesomesha huko. Fiqhi inawajibu hao kwamba nia si kauli ya ulimi. Aliyekwisha azimia kubaki, hata kama hajamwambia mama yake, amekuwa mwenyeji wa huko na anahesabiwa katika wale 40.

Uamuzi huo una upande wa pili, ambao wachache huuliza. Mwenye kurudi kwao likizo, akiwa bado mwanafunzi mwenye nia ya kurejea nyumbani moja kwa moja masomo yakiisha, safari yake inakatika akiingia majengo ya Dar es Salaam, hata kama atalala usiku mmoja. Hapo ni kwao. Lakini aliyekwisha hamisha makao yake, akaja Temeke kwa siku tatu kuzika au kuoza, si mwenyeji tena. Kuwapo kwa wazazi na ndugu mjini hakumrudishii uenyeji, kwa kauli yenye nguvu ya Kishafii. Mtume mwenyewe alizaliwa Makka, na alipoingia humo mwaka wa ushindi, 630, na tena katika hija yake ya mwaka 632, alisali rakaa mbili, kwa kuwa makao yake yalikuwa Madina. Basi mtu huyo, akisali peke yake nyumbani kwa baba yake Mtoni au Tandika, ataruhusiwa kupunguza. Akiingia msikiti wa mtaa na kumfuata imamu mwenyeji, atatimiza nne kama yeye. Hilo ni sharti la saba katika Safina.